Maandishi Madogo

Baba yangu ameendesha magari ya watu wengine kwa miaka thelathini na moja. Wimbo anaoupenda kuliko yote unamhusu mwanamume aliye ndani ya Ford akiifukuza Cadillac iliyombeba mpenzi wake. Ni "Maybellene" wa Chuck Berry, wimbo wa nne kwenye albamu ya mkusanyiko yenye CD mbili na nyimbo arobaini za rock and roll za miaka ya hamsini. Kwetu Nakuru, kila Jumapili baada ya kanisa, hiyo Ford imeifukuza hiyo Cadillac tangu nikiwa darasa la kwanza.

CD yenyewe hatukuinunua. Mwaka 2004 familia ya Waingereza aliyokuwa akiiendeshea Nairobi ilifunganya virago ikarudi kwao, ikamwachia boksi moja: birika la umeme, viatu vya gofu ambavyo hakuna mtu nyumbani angevivaa, na CD kadhaa. Nyingine zote zilipotea ama zikakwaruzika. Hii ilibaki. Jalada lake lina picha ya gari jekundu na lile sanduku la muziki la kutumbukiza sarafu.

Nikiwa mdogo, Baba ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Katikati ya wimbo Ford inachemka, halafu mvua inanyesha na injini inapoa. Hapo alikuwa anainua kidole. "Unasikia? Gari ilikuwa imechemka. Asingekuwa na bahati ya mvua, angewachwa hapo kando ya barabara akitafuta maji." Kwa miaka mingi nilidhani rock and roll ni muziki wa madereva, kuhusu radieta.

Sasa nina miaka 27, na mwaka jana nililipwa kuandika kuhusu albamu kama hiyo. Si moja, sitini. Mteja wa ng'ambo anauza santuri na CD kuukuu mtandaoni, akataka maelezo ya maneno 120 kwa kila albamu ya mkusanyiko ya rock and roll ya mwanzo. Senti mbili za dola kwa neno. Jina langu halionekani popote, na hilo silalamikii, maana ndiyo kazi. Kabla ya hapo nilikuwa naandikia wanafunzi wa vyuo vya nje insha zao. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria ya mikataba, hata falsafa. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu nikiwa na deni la karo la shilingi 42,000 na mitihani miwili ambayo sikuifanya. Kuna watu wamefuzu kwa maneno yangu, na mimi sijafuzu.

Baba nilimwambia nimeahirisha masomo. Hilo neno limefanya kazi miaka mitatu.

Basi nikaanza kusoma kuhusu hizi albamu nikidhani ni kazi rahisi. Mkusanyiko ni nini, si ni nyimbo za watu mbalimbali zimewekwa pamoja? Kumbe kuna mtu wa kwanza aliyeifanya ikafaulu. Anaitwa Art Laboe, mtangazaji wa redio Los Angeles. Katika miaka ya hamsini alikuwa akitangaza moja kwa moja kutoka mkahawa ambapo vijana walikuja na magari yao na kuhudumiwa humo humo ndani ya gari. Alikuwa anawauliza wanataka wimbo gani na wanamtumia nani. Akagundua kwamba wengi hawataki wimbo mpya. Wanataka ule wa miaka mitatu iliyopita, ambao maduka yalikuwa yameshauacha. Akaandika orodha. Mwaka 1959 akaenda kwa lebo moja moja kuomba ruhusa, akatoa albamu aliyoiita Oldies But Goodies. Ilikaa kwenye chati za Marekani zaidi ya miaka mitatu.

Hapo nilisimama kuandika. Baba alikuwa mtu wa salamu. Wale mnaokumbuka kadi za salamu za redio mnajua ninachosema: unanunua kadi, unajaza majina ya watu wako, unataja wimbo, unasubiri mtangazaji asome jina lako. Mama anasema wakati wa uchumba alisikia jina lake redioni mara saba, na mara mbili kati ya hizo lilikuwa limesomwa vibaya. Laboe aliendelea na salamu mpaka alipofariki 2022 akiwa na miaka 97. Wengi waliompigia katika miaka ya mwisho walikuwa wanawatumia salamu watu wao walio gerezani. Mama wa mtu, mtoto wa mtu, anasema jina, halafu wimbo wa 1956 unafuata. Nilielewa kwamba mkusanyiko wa kwanza ulitokana na majina ya watu waliokaa ndani ya magari.

Lakini hizi sitini nilizopewa si zote zilitoka kwa orodha ya aina hiyo. Nyingi ni za bei rahisi, zile za kuuzwa kwenye supamaketi na vituo vya petroli Uingereza, na ziko nyingi kwa sababu ya sheria. Huko rekodi ilikuwa inalindwa kwa miaka 50 tu. Ukirekodi wimbo 1955, ikifika 2006 mtu yeyote Ulaya anaweza kuichukua hiyo rekodi, kuichapisha na kuiuza bila kumlipa aliyeimba. Mwaka 2013 muda uliongezwa hadi miaka 70, lakini rekodi zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Karibu rock and roll yote ya mwanzo ilikuwa imeshapita hapo mlangoni. Aliyeutunga wimbo bado analipwa, maana haki ya mtunzi ni kitu kingine na inadumu zaidi. Aliyeupiga ndiye hana chake.

Kwa hivyo swali la nani ameandikwa kuwa mtunzi, kwa yale maandishi madogo ya nyuma ya jalada, si swali dogo.

Angalia "Maybellene". Ilirekodiwa Chicago Mei 1955 na lebo ya Chess. Rekodi ilipotoka ilikuwa na majina matatu ya watunzi: Chuck Berry, Alan Freed, yule mtangazaji maarufu wa redio, na Russ Fratto, mtu wa biashara aliyekuwa karibu na wenye lebo. Freed hakutunga hata mstari mmoja. Alikuwa na redio, na wimbo ulihitaji redio. Berry alikuja kupata wimbo wake peke yake mwaka 1986. Miaka thelathini na moja. Niliihesabu mara mbili kwa sababu ni sawasawa na miaka ambayo Baba ameendesha magari ya watu.

Ama chukua "Rocket 88" ya 1951, ambayo wengi wanaiita rekodi ya kwanza ya rock and roll. Nayo ni ya gari, Oldsmobile. Kwenye lebo imeandikwa Jackie Brenston and his Delta Cats. Delta Cats hawakuwepo. Ilikuwa bendi ya Ike Turner, na Brenston alikuwa mpiga saksofoni wao aliyeimba siku hiyo. Wakiwa njiani kutoka Mississippi kwenda Memphis, ampilifaya ya gitaa iliharibika, na studioni wakaijaza karatasi ili isikike. Ule mkwaruzo wa gitaa unaosifiwa hadi leo ulitokana na mzigo ulioumia safarini. Hiyo nilijua Baba ataipenda. Kwenye CD yake haimo. Mikusanyiko mingi huanza na Bill Haley na "Rock Around the Clock", iliyofika nambari moja 1955, kana kwamba kabla ya hapo kulikuwa kimya. Big Mama Thornton, aliyeimba "Hound Dog" miaka mitatu kabla ya Elvis kutoa yake, hukosekana mara nyingi. Sister Rosetta Tharpe, aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kanisani na kwenye kumbi tangu kabla ya hao wote, hukosekana zaidi. Mwenye kuchagua ndiye anayeamua historia ilianza siku gani.

Mteja wangu alikuwa na sharti moja aliloliandika kwa herufi kubwa: nikague kama albamu ina rekodi za asili au zilizorudiwa. Wanunuzi wanakasirika sana wakipata zilizorudiwa, na bei inashuka. Iko hivi: msanii anahama lebo, kanda za mwanzo zinabaki mali ya lebo ya zamani, lebo mpya inamwambia aingie studio aimbe tena nyimbo zilezile. Miaka ikipita hizo za pili ndizo zinauzwa kwa mikusanyiko ya bei rahisi. Mbele wanaandika kwa herufi nene kwamba ni wasanii wenyewe wa asili. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kumtafuta mtu macho, wanaandika kwamba nyimbo zimerekodiwa upya. Yote mawili ni kweli.

Nilienda nyumbani wikendi moja, nikaichukua CD ya Baba akiwa amelala, nikaigeuza. Miaka ishirini iko pale kwenye rafu na sikuwahi kusoma nyuma yake. Iko hapo. Chini kabisa. Baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na wasanii wenyewe.

Nikaweka earphone moja kwa simu na sikio lingine kwa spika, sauti chini. Ile ya 1955 ni chafu, iko kama inapigwa kwenye chumba kidogo chenye watu wengi, gitaa linakoroma. Ile ya Baba imepangwa vizuri, kila chombo kina nafasi yake kushoto na kulia, hakuna kinachogongana. Berry alihama Chess 1966 kwenda Mercury, na 1967 wakatoa albamu inayoitwa Chuck Berry's Golden Hits, karibu zote nyimbo zake za zamani amezirudia. Wimbo wa nne wa Baba umetoka hapo. Sauti anayoipenda si ya kijana wa miaka 28 aliyeingia studio kuirekodia Chess kwa mara ya kwanza. Ni ya mtu wa miaka arobaini, ambaye ameshaona umaarufu na ameshafungwa gerezani akatoka, akijirudia.

Nilihisi vibaya, na nilihisi vibaya zaidi nilipojiuliza kwa nini. Mimi ndiye nilikuwa nafikiria kumwambia mzee kwamba kitu anachokiamini si cha asili. Mimi, mtu wa "nimeahirisha".

Nilimwambia jioni, tukiwa nje, akisafisha viatu vya kazi vya Jumatatu. Nilimweleza yote: Chess, Mercury, kanda, maandishi madogo. Alisikiza bila kuacha brashi.

"Ni yeye anaimba ama si yeye?"

"Ni yeye, Baba. Lakini baadaye. Alirudia."

"Na alilipwa?"

Nikamwambia nadhani hakuirudia bure, ingawa hizo kanda mpya nazo zilikuwa za kampuni.

Akacheka. "Kwa hivyo amelipwa mara mbili kwa safari moja. Huyo ni dereva."

Tukanyamaza. Akamaliza kiatu cha kushoto, akakiweka chini, akachukua cha kulia. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na hadithi ileile, "Arobaini. Na wewe bado hata thelathini hujafika."

Nilijua hazungumzi kuhusu Chuck Berry. Nikasema, "Baba, sikuahirisha."

"Najua," akasema. "Mtoto wa shangazi yako alikuwa chuo hicho hicho. Aliniambia mwaka ule ule."

Miaka mitatu alikuwa anajua. Kila Jumapili niliyoenda nyumbani aliniuliza masomo yanaendaje, nami nikamjibu, naye akaitikia vizuri. Sijui kati yetu nani alikuwa anamstahi mwenzake. Nilitaka kumwahidi kwamba nitarudi chuo, maneno yalikuwa yamefika mdomoni, lakini nikaona hiyo itakuwa namna nyingine ya kuahirisha. Nikamwambia ukweli: kwamba sijui kama nitarudi, kwamba deni bado lipo, kwamba kazi ninayofanya ni ya kuandika, inalipa kodi ya nyumba miezi mingine na mingine hailipi.

"Unaandika nini?"

"Mambo kama haya ya CD."

"Na jina lako wanaweka wapi?"

Nikamwambia hawaweki.

Aliguna. Hakuniuliza kuhusu karo wala kuhusu kile nitakachowaambia watu wa kanisa. Aliuliza tena hilo hilo, kwa polepole, kama ananipa nafasi ya kujibu vizuri zaidi. "Hata kwa yale maandishi madogo?"

Zile sitini nilizimaliza na nikalipwa. Kwa zenye rekodi zilizorudiwa niliandika hivyo waziwazi kama mteja alivyotaka, lakini sikuandika kwamba ni feki. Niliandika mwaka ambao msanii alirudia na umri aliokuwa nao. Mteja alizifuta hizo sentensi, akasema zinaongeza maneno.

Hii unayosoma ni ya kwanza yenye jina langu. Nitamtumia Baba kwa simu, na najua atakachofanya. Ataishusha hadi chini kabisa, kabla hajasoma neno, kuangalia.