Jina la Marehemu katika Filamu

Filamu iitwayo The Last King of Scotland, iliyotolewa mwaka 2006, yamhusu Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu 1971 hadi 1979. Forest Whitaker, aliyemwigiza, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akapata tuzo ya Oscar. Katika uigizaji wake hatuoni kasoro. Kicheko kile kigeukacho ghafla kuwa ghadhabu chatisha kweli.

Walakini yule daktari kijana wa Kiskoti, ambaye kwa macho yake twaonyeshwa kila jambo, hakupata kuishi duniani. Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya yake ya 1998. Kubuni si dhambi. Sisi watunga mashairi ndiyo kazi yetu. Wala hatusemi kwamba Amin kaonewa.

Neno letu ni juu ya Kay, mkewe Amin. Huyu alikuwa mtu wa kweli. Alipewa talaka mwaka 1974, na mwaka ule ule maiti yake ilikutwa imekatwa vipande ndani ya gari la daktari Mganda. Filamu yamfanya kuwa hawara wa Mskoti asiyekuwapo, kisha yaonyesha kwamba aliuawa kwa sababu ya mapenzi hayo. Mganda kafutwa; na mama wa watu, mwenye watoto na ukoo, kapachikwa mwanamume asiyepata kumwona. Kijana asiyezijua zama zile ataichukua hadithi hiyo kuwa ndiyo historia. Filamu iliyomchukua daktari mzima wa kubuni, ilishindwaje kumbunia na mpenzi wake jina?