Safari ya Hesabu za Wagonjwa, Masisi na Walikale

Mwaka 2009, nilipoingia katika kazi ya takwimu za afya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hesabu za wagonjwa zilisafiri kwa pikipiki. Muuguzi mkuu wa kituo alijaza fomu ya mwezi kwa kalamu juu ya karatasi za kaboni: malaria wangapi, kuhara wangapi, akina mama wangapi wamejifungua. Kutoka Nyabiondo au Loashi, fomu ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki na kupita matopeni hadi ofisi kuu ya zoni ya afya, Masisi-centre.

Walikale ilikuwa ngumu zaidi. Kutoka Goma ni zaidi ya kilomita 200, na masika barabara ile humeza malori. Kwa hiyo bahasha zetu zilitegemea ndege ndogo zilizotua juu ya lami pale Kilambo kuchukua kasiterite, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie. Rubani mwema aliiweka bahasha juu ya magunia, nasi tukaipokea Goma. Septemba 2010, Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ndege zilipungua, na ripoti za Walikale zikakwama pamoja na madini. Marufuku ile iliondolewa Machi 2011. Mtoto aliyeugua surua ndani ya miezi ile alionekana kwenye hesabu zetu wakati ameshapona au ameshazikwa.

Kompyuta zilipokuja tulidhani shida imekwisha. Zilikuwa na Windows za kunakiliwa, na kila zoni ilikuwa na faili lake la Excel. Ripoti zikaanza kutembea ndani ya flashi, na flashi zilipita kwenye vibanda vya kutoa kopi vya Sake na Goma. Kila aliyefanya kazi miaka ile anavikumbuka virusi vilivyoficha mafaili yote na kuacha njia za mkato tupu. Unafungua flashi ya Mweso, unakuta majina ya mafaili yapo, ndani hamna kitu. Antivirusi ilihitaji intaneti ili ijisasishe, na intaneti hatukuwa nayo.

Aliyetutoa huko ni kijana aliyesomea informatiki Goma. Alileta kompyuta ya zamani, flashi yenye Ubuntu Server 12.04, na vifurushi vyote alivyokwisha kupakua mjini, kwa sababu alijua Masisi hakuna mtandao wa kuvuta programu. Mfumo ulipomaliza kujiweka, kilichobaki kilikuwa skrini nyeusi na mstari mmoja unaosubiri amri. Wengi walisikitika kuona hakuna picha wala pa kubofya. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mashini ile haikuhitaji leseni ya kununua wala haikujali virusi vya flashi zetu, na kila ilichofanya ilikiandika kwenye faili ambalo mtu angeweza kulisoma.

Juu yake tukaweka PostgreSQL, hifadhidata iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu 1986. Jambo la kwanza tulilopanga ni nani aruhusiwe nini. Mwingizaji data aliongeza ripoti bila kuweza kuzifuta, daktari mkuu wa zoni alisoma zote, na kompyuta isiyo ya ofisi yetu haikufunguliwa mlango hata kidogo. Katika Excel yeyote angeweza kubadilisha tarakimu ya mwezi uliopita na asijulikane. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote: sasa hesabu ilikuwa na mlinzi.

Umeme wetu ulikuwa wa sola na betri, na betri zilizochoka hukata bila kuaga. Wakubwa walihofia kwamba umeme ukikatika katikati ya kuandika, data yote itaharibika. Haikuwa hivyo, na sababu yake inafaa kuelezwa. PostgreSQL haigusi jedwali kabla ya kuandika kwenye kumbukumbu ya pembeni kile inachotaka kufanya, na haisemi kazi imekwisha mpaka maandishi hayo yawe yamefika kwenye diski. Ni kama mwenye duka anayeandika deni daftarini kabla ya kupima unga. Umeme ukirudi, hifadhidata husoma daftari hilo, hukamilisha yaliyothibitishwa na kuyaacha yaliyokatikia njiani. Upo mpangilio wa kuizuia isisubiri diski ili iende kasi, na washauri wa mbali walitushauri tuutumie. Tulikataa. Mahali penye umeme kama wa Masisi, kasi hiyo hununuliwa kwa data za wagonjwa.

Kilichotusumbua kweli ni kitu kidogo kama kifungo cha shati: betri ya saa iliyo ndani ya kompyuta. Ikiisha, mashini huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na pasipo intaneti hakuna wa kuisahihisha. Ripoti za wiki zikawa zinaingia kwenye mwaka ambao hata seva haikuwapo. Tuliweka sharti ndani ya jedwali, likatae tarehe yoyote iliyotangulia kuwekwa kwa seva, na tukapanga utaratibu: asubuhi mtu aangalie tarehe kwanza, ndipo kazi ifunguliwe. Betri mpya tulizipata Goma kwa mafundi saa. Muuguzi mmoja mzee, tuliyemwita Papa, alizoea kuuliza akipita mlangoni, “Mwanangu, mashini imeamka? Inajua leo ni siku gani?”

Katikati ya miaka ya 2010 taifa likaanza kuhamia DHIS2, programu huria inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilikuwa imeitandaza nchi nzima tangu 2011. Wengine walisema seva yetu imekwisha kazi. Lakini DHIS2 yenyewe hutumia PostgreSQL, na kwa kawaida huwekwa juu ya Linux, hivyo tulichojifunza Masisi kilitusaidia kuielewa. Seva ya zoni ikabaki ghala la karibu: mtandao wa simu ukilala, ripoti ziliingia hapo kwanza, kisha zikapandishwa kwenye mfumo wa taifa.

Lakini hata seva iliyo nzima haizidi kile inacholishwa. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, kwa hiyo idadi ya watoto wa kila eneo ni makadirio juu ya makadirio. Kijiji kikikimbilia Kitchanga, chanjo za Kitchanga zinapita asilimia 100 na za kijiji zinaanguka karibu na sifuri. Niliwahi kusikia mtu wa ofisi ya mbali akiziita tarakimu hizo uongo. Hazikuwa uongo. Zilikuwa zinasema watu wamehama, na aliyejua kuzisoma aliweza kupeleka dawa walikohamia.

Vita ndivyo vilivyotufundisha mengine. Katika rejista za vituo yamo majina ya wanawake waliobakwa, ya wenye virusi vya UKIMWI, ya waliotibiwa risasi. Orodha ya namna hiyo ikiangukia mikono mibaya, watu hufa. Kwa hiyo diski ya seva ilifungwa kwa fumbo, na bila nywila, anayeiba mashini anaiba chuma. Kila usiku nakala rudufu ilijitengeneza yenyewe, nayo ikafungwa kwa fumbo kabla ya kusafiri Goma.

Waasi wa M23 waliteka Rubaya, mji wa Masisi, mwisho wa Aprili 2024. Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, na mwezi huohuo Goma, tuliyozoea kuiita mahali salama pa nakala zetu, ikaanguka. Machi vikafika Walikale-centre. Wakati huo hatukuulizana seva ina uwezo gani. Tuliulizana nakala ya mwisho iko wapi, nani ana nywila, na nani anajua kuirudisha kwenye mashini nyingine.

Ninyi mnaoleta kompyuta na sola katika zoni zetu, ahsanteni, endeleeni. Ila kila zoni ifundishe angalau watu wawili, wenyeji wa pale pale, kuirudisha hifadhidata kutoka kwenye nakala juu ya mashini tupu, na wafanye zoezi hilo kila mwezi bila kusubiri ajali. Na nakala moja ikae nje ya Kivu.