Kivumbasi cha Matutani

Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nyingi za Ifakara zilihamia shambani. Mchana sisi watoto tulikaa kwenye dungu kufukuza kwelea, jioni bibi alitutuma kivumbasi. Hatukwenda mbali, kwani kilijiotea kwenye matuta na kando ya vijia. Alitaka matawi mabichi yenye maua, akayalaza juu ya makaa na kuyapepea kidogo tu yasije yakawaka, mpaka kibanda kikajaa moshi mzito unaonukia karafuu. Harufu hiyo inatokana na eugenoli, mafuta yale yale yaliyomo kwenye karafuu, na mbu huikimbia.

Mwaka 1997 vikaanza kuuzwa vyandarua vya Zuia Mbu, kupitia mradi wa KINET wa Kilombero na Ulanga. Baadaye watafiti wakaonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Aliyehudhuria misiba ya watoto miaka ile hawezi kukibeza chandarua, nami sikibezi.

Lakini si chandarua kilichomaliza kivumbasi, ni trekta na dawa ya magugu. Matuta yalisawazishwa, vijia vikapuliziwa mpaka vikabaki vyeupe. Miaka hiyo hiyo ya 1990 mitiki ilianza kupandwa katika Bonde la Kilombero kwa maelfu ya hekta. Wataalamu wa mimea huuweka mtiki katika ukoo mmoja na kivumbasi, pamoja na mfuru tuliokuwa tukiokota matunda yake meusi. Ndugu wa damu, lakini mtiki una mlinzi na mnunuzi, kivumbasi kinaitwa gugu. Hata bonde lilipoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002, waliotajwa sana ni swala aina ya sheshe na ndege wa majini. Wanastahili. Ila mimea ya kando ya shamba nayo inahitaji wa kuisemea, maana haimo hifadhini. Inaishi au kufa kwa jembe letu.

Na kazi ya kivumbasi bado ipo. Mbu wa bonde hili wamekuwa sugu kwa dawa nyingi, na wengine hutuuma jioni tukiwa bado jikoni nje, chandarua kikiwa kimekunjwa ndani. Kwa hiyo jirani akija kuomba mche wa kivumbasi, namkatia tawi na kumpukutishia mbegu kutoka vikonyo vilivyokauka, kisha namwomba aache hatua mbili za ukingo wa shamba bila kulima wala kupulizia.