Siku moja kwenye njia ya sinema, kutoka kituo cha treni hadi daraja la Tshopo

Wengi mmetuuliza safari yetu ya siku ya posho ilikwenda namna gani. Tuanze na habari njema: wote kumi na wanne tulirudi salama. Viatu vya mmoja wetu ndivyo vilivyobaki mtoni.

Wazo halikutoka kwetu. Kijana mmoja wa mtaa, aliyesoma historia akamaliza na kukosa kazi, alikuja kwenye mkutano wetu akasema anataka kujaribu kuongoza wageni kwenye sehemu za mji wetu zilizopigwa filamu. Aliomba tuwe wageni wake wa kwanza. Sisi tulipe mtumbwi na chakula, na jioni tumwambie bila kuficha kama kazi hiyo inafaa. Tulicheka. Filamu gani, hapa Kisangani? Wengi wetu tulidhani filamu hutoka Lagos na Kinshasa, basi. Hata sisi walimu wawili tuliokuwamo hatukujua zaidi ya jina moja.

Tulikutana saa moja asubuhi mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, pale linapotazama mto. Kijana alikuwa amevaa shati la pasi na ameshika daftari. Alianza na mwanamke, akiwajua wageni wake. Mapema mwaka 1958, alisema, mji huu ukiitwa bado Stanleyville, alifika hapa Audrey Hepburn, mcheza sinema, akavaa nguo za mtawa kwa ajili ya filamu The Nun's Story ya Fred Zinnemann. Ni habari ya mtawa Mbelgiji, muuguzi, anayetumwa Kongo. Mambo ya ndani ya nyumba ya watawa waliyapiga Roma, lakini kwa Kongo walikuja Kongo kweli. Filamu ilitoka 1959, na mwaka uliofuata tukapata uhuru.

“Si huyu aliyekuja na mashua?” mmoja wetu aliuliza. Hapana, na kosa hilo ni la watu wengi. Wa mashua ni Katharine Hepburn, hawana undugu, na alikuja mapema zaidi, mwaka 1951, pamoja na Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston, kupiga The African Queen. Hepburn wawili katika miaka saba, mji mmoja. Mama mkubwa wetu wa kikundi alisema kama ni hivyo, wa tatu yuko njiani, tumwandalie lituma.

Kutoka bichi tulivuka kwenda ng'ambo ya kushoto, Lubunga, kwa mtumbwi wa mota. Katikati ya mto mota ilizimika. Msukumo wa maji ulitushusha taratibu, mwendesha mtumbwi akivuta kamba na kulaani petroli, sisi tukiimba kwa sauti ambayo haikuwa ya furaha. Iliwaka tena mara ya tisa au ya kumi. Tuliposhuka kwenye matope ndipo viatu vile vilipokwenda.

Kituo cha treni cha Lubunga kila mtu anakijua, na karibu hakuna anayekitazama. Kijana alitufanya tukitazame. Reli hii, kilomita 125 hadi Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu mto wenyewe haupitiki: kati ya Ubundu na hapa kuna maporomoko saba ya Boyoma, moja baada ya jingine. Mizigo ilishuka kwenye meli, ikapanda treni, ikashuka tena. Watu wa The African Queen walipitia upande huu wakaenda kupiga kambi karibu na Biondo, kwenye mto Ruiki, ndani kabisa ya msitu. Huko hatukufika, si mwendo wa siku moja kwa barabara ya sasa. Waliugua matumbo karibu wote, maji yakiwa mabaya. Na kituko ni hiki: habari ya filamu hiyo inatokea Tanzania ya leo, wakati wa Wajerumani, mwaka 1914. Ruiki yetu ilipewa jina la mto wa watu wengine, na sehemu nyingine zikapigwa Uganda. Tumezoea, sisi wa Kisangani. Hata Kiswahili chetu kilikuja kwa miguu kutoka pwani, na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa maporomoko haya.

Kwenye kituo hichohicho, mwaka 2013, watazamaji wa televisheni ya CNN walimwona Anthony Bourdain, Mmarekani aliyekuwa akizunguka dunia akila vyakula vya watu, akizungumza na wafanyakazi wa reli ambao waliendelea kuja kazini na kutunza vifaa hata treni isipotembea. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini, aliposikia tunazungumza habari hiyo, alisema tu: “Tuko.” Kisha akauliza kama tuna chikwanga. Tulikuwa nayo.

Hapo pia kijana alishusha sauti. Kuna filamu nyingine ya reli hii, Kisangani Diary ya Hubert Sauper, ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifia kando ya njia kusini mwa hapa mwaka 1997. Hakusema mengi. Baadhi yetu tulikuwa watu wazima mwaka ule na tulikumbuka bila kuelezwa.

Tukavuka kurudi, safari hii bila nyimbo.

Saa sita hivi tulikuwa Wagenia. Huko hakuna haja ya kuwaeleza, mmeona wenyewe nguzo za miti zilizofungwa juu ya mawe, na vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana vinavyoshushwa kwenye maji yanayonguruma. Karibu kila kamera iliyofika mji huu imeelekezwa pale. Wavuvi wanajua, kwa hiyo mgeni akitoa kamera anaambiwa bei. Baadhi yetu tulianza kunung'unika kwamba hata wenyeji tunatozwa. Mama mmoja kati yetu, binti wa Wagenia, aligeuka akasema: “Baba yangu mkubwa amepigwa picha maisha yake yote. Nyumbani hatuna hata moja.” Tulinyamaza, tukalipa, na simu tukarudisha mifukoni. Samaki tulinunua pia, nao walikuwa ghali kuliko sokoni, hilo tutalisema.

Wakati wa kula, lituma na samaki na pondu, kijana alifungua kompyuta yake kwenye kivuli akatuonyesha vipande vya filamu za Dieudo Hamadi. Huyu si mgeni aliyekuja na meli. Ni mtoto wa Kisangani. Na hapa safari ilibadilika, kwa sababu tuliacha kutazama wageni tukaanza kujitazama.

Ya kwanza ni Examen d'État, ya mwaka 2014. Wanafunzi wa mji wetu wanajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Wasiolipa prime ya walimu wanafukuzwa darasani, nao wanakusanyika kwenye nyumba moja kusomea pamoja usiku, wanalala palepale chini. Sisi walimu wawili tulikaa katikati ya wamama ambao watoto wao wamefukuzwa kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyetutazama, na kutotazamwa kule kulikuwa kuzito. Tulitaka kusema kwamba mshahara huchelewa, kwamba miaka mingine haukuja, kwamba na sisi tuna watoto wanaofukuzwa na walimu wenzetu. Ni kweli yote. Lakini kwenye kioo kulikuwa na msichana akibeba daftari zake akitoka nje ya lango, na sisi tumesimama langoni mara ngapi na orodha mkononi? Mwishowe mama mmoja alisema, “Mwalimu, kula, chakula kinapoa,” na tukala. Tumekubaliana kuliweka jambo la prime kwenye mkutano wa mwezi ujao, walimu na wazazi pamoja, mkutano wenye maneno ya kweli. Tunawaomba mje.

Ya pili ni Maman Colonelle, ya 2017, ya Honorine Munyole, kanali wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja hapa kusimamia ulinzi wa wanawake na watoto. Anapofika Kisangani anakuta wanawake ambao hakuna aliyewasikiliza tangu vita ya siku sita. Ya tatu, En route pour le milliard, iliyoingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes mwaka 2020, inawafuata walemavu wa vita hiyo wakishuka mto hadi Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700, kwenda kudai fidia wenyewe. Wanapanda na magongo yao juu ya chombo kilichojaa watu, na mvua inawanyea.

Kijana alifunga kompyuta akasema sasa tutamalizia kwenye maporomoko ya Tshopo, penye upepo mzuri, tupige picha ya pamoja.

“Na daraja?” mmoja wetu aliuliza.

Mnamfahamu, hatutamtaja jina. Hutembea kwa fimbo. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mabomu zaidi ya elfu sita yakaanguka juu ya nyumba, na daraja la Tshopo lilikuwa kati ya sehemu walizogombea zaidi. Kijana alijibu kwa heshima: “Mama, daraja nililiacha makusudi. Wageni wanalipa wapate furaha.”

“Mwanangu,” alisema, “leo nimetoka nyumbani kwa ajili ya daraja. Hao wazungu wenye mashua siwajui.”

Basi tulikwenda. Magari na mapikipiki yalikuwa yakipita, toleka mmoja alitupigia kengele tutoke njiani. Mama alisimama upande wa kuingilia, akaonyesha kwa fimbo walipokuwa wamelala chini, yeye, mdogo wake na mtoto wa jirani, na upande lilikotoka bomu. Alisema maneno machache. Alisema walikuwa watatu wakati wa kulala na mmoja wakati wa kuamka. Kisha akaanza kuuliza bei ya mihogo kwa mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu, na hiyo pia tuliielewa.

Jioni ilikuwa zamu yetu ya kumwambia kijana ukweli, na hatukukubaliana. Baadhi yetu walisema mgeni asipelekwe darajani: atapiga picha, atatikisa kichwa, ataondoka na maumivu yetu kama vile walivyoondoka na vikapu vya Wagenia. Wengine walisema mji unaoonyesha tu waliopita miezi miwili na kamera, ukaficha waliokaa, ni mji unaojidanganya. Mwaka 2022 mahakama ya dunia ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na ndani yake mna watu wa Kisangani. Kama dunia imeyahesabu, sisi tutanyamaza kwa sababu gani? Sisi walimu tulikuwa upande huu, lakini lazima tukiri wa upande ule walikuwa na hoja nzito, na mmoja wao alikuwa na makovu yake.

Mwenye fimbo ndiye aliyekata shauri. Daraja liwemo, alisema, kwa masharti matatu. Hakuna picha. Anayesimulia awe mtu aliyekuwapo, si kijana na daftari lake. Na msimuliaji alipwe sawa na kiongozi, mkononi, siku ileile, kwa sababu ahadi za kulipwa baadaye amezisikia tangu mwaka 2000.

Kijana aliandika yote matatu. Alipofika kwenye malipo alisimama kidogo, akahesabu kwa kalamu pembeni ya ukurasa, kisha akaandika hilo pia.

Safari ya pili ni siku ya posho ya mwisho ya mwezi. Nafasi ni kumi, mtumbwi utakuwa mwingine, na tafadhali njooni na ndara za kufungwa nyuma.