Mpelelezi wa Maneno na Bibi wa Muheza

Leo naacha habari za baridi na viza, nataka tuongee kuhusu mchezo wa kompyuta. Msicheke. Tena ni wa zamani, una umri mkubwa kuliko baadhi ya wauguzi wapya ninaofanya nao kazi wodini.

Unaitwa Carmen Sandiego Word Detective, ulitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Brøderbund ya California. Waliokulia hapa Marekani wanamjua Carmen: mwizi mwenye koti jekundu na kofia nyekundu, ambaye tangu mwaka 1985 watoto wamekuwa wakimfukuza kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mtoto alikuwa anajifunza jiografia bila mtu kumwambia kaa chini ujifunze jiografia. Ndani ya boksi la ule mchezo wa kwanza waliweka hadi kitabu kinene cha taarifa za dunia, World Almanac, ili mpelelezi apekue mwenyewe. Katika huu wa 1997 mama huyo kaiba kitu kingine kabisa: kaiba lugha. Ana mashine iitwayo Babble-On inayowafanya watu waropoke maneno yasiyoeleweka. Wewe unakuwa Agent 13. Unaingia kwenye maficho ya genge, unaokoa wapelelezi wenzako waliotekwa, na njia ya kupita ni tahajia, msamiati, sarufi na vituo.

Sidii yake niliipata kwa dola moja kwenye duka la mitumba hapa Minneapolis, nikamwekea kijana wangu wa miaka tisa kwenye laptop ya zamani, maana kompyuta za siku hizi hata pa kuingizia sidii hazina. Nilidhani atacheza dakika kumi aache. Wapi! Mtoto ambaye shuleni anaandika aya nzima bila nukta hata moja, nikamkuta saa tatu usiku anabishana na kompyuta kuhusu mkato.

Nilikaa naye siku ya mapumziko nikaona siri yake. Pale neno halina maksi, neno ni mlango. Ukikosea unabaki nje, ukipatia unaingia ndani na kuna mtu anasubiri kuokolewa. Kwa sisi tunaofanya kazi hospitali hili tunalijua vizuri. Chuoni tulikuwa tunakariri haipoglaisemia na haipaglaisemia, moja sukari imeshuka, nyingine imepanda. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ukichanganya ukampa insulini mtu ambaye sukari imeshuka unaweza kumuua. Sisi tulikuwa na dawa yetu: "haipo" maana yake sukari haipo! Mpaka leo zamu ya usiku nikichoka najisemea hivyo kimoyomoyo. Hakuna kitabu kilichonifundisha hiyo, ni Kiswahili changu tu.

Ila mchezo una kasoro zake. Lugha yote iko kwenye kuchagua na kupanga, mtoto hatakiwi kufungua mdomo atunge sentensi yake. Mgonjwa hakupi majibu manne uchague moja. Mzee wa Kimarekani anakuambia maneno yake ya shambani, unatakiwa kuelewa hapo hapo kama ni kifua kinauma au ni hasira za chakula cha hospitali.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni ile Babble-On. Maana kila Jumapili saa tatu asubuhi, ambapo nyumbani ni saa kumi na moja jioni, tunampigia bibi yake Muheza, na kwa mtoto wangu yale ni maneno ya ile mashine kabisa. Anasema "shikamoo bibi", anajibiwa "marahaba mume wangu", halafu ananirudishia simu. Siku moja akaniuliza kwa Kiingereza, uso umemkunjamana, kwa nini bibi anamwita mume wake? Nilicheka hadi machozi, halafu nikaacha kucheka. Miaka tisa! Nimemlea mimi, na utani wa bibi na mjukuu ni kitu cha kutafsiriwa.

Wazazi wengi hapa wanamlazimisha mtoto, ukiingia ndani ni Kiswahili tu, basi nyumba inakuwa kimya kama maktaba. Ya nini? Kiswahili chetu pale sebuleni hakifungui mlango wowote. Mtoto akitaka juisi anaipata kwa Kiingereza.

Kumbe mchezo wa upelelezi tunao siku zote. Nilimwambia mama, usimsalimie tu, mtegee kitendawili. Akaanza na kile cha nyumba isiyo na mlango. Kijana akashindwa, bibi akasema "basi nipe mji". Nikamweleza kwamba ukishindwa lazima utoe mji. Macho yakamtoka: ni kama Carmen! Akatoa Reykjavik. Bibi akauliza ni wapi huko, akaambiwa ni Iceland, kuna barafu. Akakataa katakata, "siendi, nipe mwingine". Walipatana Mombasa, bibi akaenda, akarudi, akamwambia ni yai. Simu ile ilichukua dakika ishirini na mbili na mimi sikutafsiri zaidi ya mara tatu.

Sasa Jumapili iliyopita kategewa "kuku wangu katagia miibani". Kagoma kutoa mji. Kaomba apewe wiki nzima ya upelelezi, na mimi nimekatazwa kusaidia, naruhusiwa kusema ndiyo au hapana tu. Ana daftari, juu kaandika USHAHIDI kwa herufi kubwa. Kamusi yangu ya chuo kahamia nayo chumbani kwake. Hadi jana alikuwa na hakika jibu ni ndege fulani wa Afrika, kwa sababu kuku ni ndege, na alishatafuta picha za ndege wanaojenga kwenye miti yenye miba.

Asubuhi nimetoka zamu nikachungulia lile daftari. Kaandika maneno matatu: kuku, taga, na la tatu, badala ya miiba, kaandika "mimba". Mbele yake kaweka alama ya kuuliza.

Sijamwambia kitu. Hajaniuliza swali la ndiyo au hapana.