Alishan Ndani ya Kikombe cha Taipei

Barabara ya Xinsheng Kusini, mjini Taipei, ina kishindo cha pikipiki kutwa kucha na majengo ya ghorofa pande zote mbili. Si mbali na Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, katikati ya zege lile, imebaki nyumba fupi ya kizamani yenye bustani ndogo mbele yake. Juu ya mlango imetambaa wisteria, mmea ambao majira ya kuchipua huteremsha vishada vya maua ya zambarau. Nyumba ile ni nyumba ya chai, nayo inaitwa Zitenglu. Kisiwa cha Taiwan kina nyumba za chai tele: za Jiufen zinazotazama bahari kutoka ubavuni mwa mlima, na za Maokong unazozifikia kwa gari la kebo. Nazipenda zote. Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapa.

Ilijengwa miaka ya 1920, Wajapani walipokuwa wakikitawala kisiwa. Ndiyo maana baadhi ya vyumba vimetandikwa tatami, mikeka minene ya Kijapani, nawe huvua viatu na kuketi chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikaliwa na familia ya mchumi Zhou Dewei, na wasomi waliotaka uhuru wa mawazo wakawa wanakutana sebuleni kwake wakati nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu tangu 1949 hadi 1987. Mwanawe, Zhou Yu, aliigeuza kuwa nyumba ya chai mwaka 1981. Waandishi, wachoraji na wapinzani wa serikali wakaifanya baraza lao. Mwongozaji wa filamu Ang Lee alipigia humo sehemu ya filamu yake ya mwaka 1994, *Eat Drink Man Woman*, na mwaka 1997 serikali ya jiji ikaitangaza kuwa jengo la urithi. Historia hiyo haikubandikwa ukutani kwa makelele. Unaihisi katika mbao zilizosuguliwa na miaka, na katika jinsi watu wanavyozungumza humo kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Niliagiza oolong, aina ya chai, kutoka milima ya Alishan. Watu wa Taiwan huita chai ya mlimani ile iliyopandwa kuanzia mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ya milima ya Lishan hupandwa juu zaidi, hata kupita mita 2,000. Kule juu ukungu hushuka adhuhuri na kulifunika shamba, usiku huwa na baridi, na mchai hukua polepole. Jani hutoka nene na laini, uchungu wake ukiwa mdogo na utamu wake mwingi. Anayetaka kuiona milima yenyewe apande reli ya Alishan kutoka Chiayi. Ilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya kuteremsha magogo, nayo hupanda kutoka mita 30 hivi mpaka mita 2,216, ikijizungusha mlimani ili ipate kimo. Kimbunga Morakot kiliikata mwaka 2009, na safari za njia nzima zikarejea Julai 2024.

Chai ililetwa ikiwa vidonge vidogo vya kijani kibichi, vigumu kama kokoto. Umbo hilo ni kazi ya mikono na saa nyingi. Majani huchumwa, huanikwa juani yanyauke kidogo, kisha huingizwa ndani na kurushwarushwa kwenye ungo ili kingo zake zichubuke. Hapo kwenye michubuko ndipo harufu inapozaliwa. Mtengenezaji hungoja, hunusa, hungoja tena, na akiridhika huyapitisha majani kwenye moto ili mabadiliko yakome. Kisha huyafunga kwenye kitambaa na kuyaviringisha, mara nyingi sana, hadi yajikunje kabisa.

Mhudumu alimwaga maji ya moto kwenye buli dogo la udongo, akalipasha, akayamwaga. Akatia majani kiasi cha kufunika sakafu ya buli, akaongeza maji, na haukupita muda mrefu akaihamishia chai yote kwenye jagi dogo, ili kila kikombe kipate ukali uleule. Mbele yangu aliweka vikombe viwili. Kimoja ni chembamba na kirefu: hunywi humo. Unaimimina chai yake kwenye kikombe cha pili, kisha unakinusa kile kitupu, kikiwa bado moto.

Nilinusa maua kwanza, kisha kitu kama siagi. Chai yenyewe ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, nyepesi kwa macho lakini nzito ulimini. Ukishameza, utamu hurudi kooni, nao hukaa. Maji ya pili yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza, kwa sababu vidonge vilikuwa vimefunguka. Kufikia maji ya tano buli lilijaa majani mazima, mengine yakiwa bado na vikonyo vyake, na harufu ya maua ilikuwa imeuachia nafasi utamu mtupu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna milima ya chai isiyopungukiwa na kimo. Kericho, Nandi, Njombe na Mufindi zote zina baridi na ukungu. Viwanda vyetu vingi hulisaga na kulichana jani ili litoe rangi haraka na kustahimili maziwa, na chai ile naipenda tangu utotoni. Lakini jani zima lina mambo ambayo mashine huyamaliza kabla hatujayaonja. Wenye viwanda walioanza kuliacha jani zima wanastahili wanunuzi hapahapa nyumbani, na Kericho inastahili nyumba ya kulionjea.

Ukifika Taipei, nenda Zitenglu siku ya kazi, watu wakiwa wachache. Agiza ya Alishan, au ya Lishan mfuko ukiruhusu. Usiombe sukari, na usipange miadi mingine kabla ya jioni.