Tarakilishi Iliyochelewa Kuamka

Wahenga waliotuusia kwamba polepole ndio mwendo hawakujaliwa kuketi mbele ya tarakilishi ya chama chetu. (Wapo wanaong'ang'ania kuiita ngamizi, nami sibishani nao leo.) Mashine yenyewe ni ya kuunga: bodi kuu, kichakataji, kumbukumbu na kisanduku cha umeme vilinunuliwa kimoja kimoja katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kadiri michango ya wanachama ilivyoruhusu. Ndani yake mlitiwa pia diski kongwe iliyotolewa katika tarakilishi ya awali. Diski hiyo ndiyo iliyohifadhi nyimbo za harusi ambazo wanafunzi waliotutangulia walizirekodi Siyu, kisiwani Pate. Kanda za asili zilikwisha kuharibiwa na ukungu.

Mwanzoni mashine iliwaka kwa sekunde chache tu. Muhula wa pili ilichukua dakika nzima, kisha mbili. Ushauri ulimiminika kama mvua ya masika. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine akataka tuongeze kumbukumbu. Wa tatu akashikilia kwamba tufute kila kitu na kuweka Windows upya. Huyu wa tatu hakosekani katika chama chochote. Wote watatu walikuwa wakitibu kabla ya kupima.

Kuwaka kwa tarakilishi, msomaji mpenzi, si tendo moja. Umeme unapoingia, programu ndogo iliyokaa katika bodi kuu ndiyo huamka kwanza, kukagua kumbukumbu, kisha kuiita kila diski na kungoja iitikie. Hapo ndipo huukabidhi mfumo endeshi hatamu. Programu zinazojianzisha zenyewe, na aghalabu virusi pia, huchelewesha hatua ya pili wala si ya kwanza. Windows yenyewe, katika dirisha lake la kusimamia kazi, penye orodha ya programu za kuanzia, huonyesha sekunde zilizotumika katika hatua ile ya kwanza. Kwetu zilikuwa 94.

Basi tukazima mashine, tukachomoa waya wa umeme na kuufungua ubavu wake. Tuliondoa kifaa kimoja kimoja, tukiiwasha baada ya kila badiliko, kwani ukiondoa viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokuwa na hatia. Printa haikuleta tofauti. Ilipochomolewa diski kongwe, sekunde 94 zikashuka hadi 11! Tuliirejesha kwa waya mwingine na katika tundu jingine la bodi, maana waya mbovu huweza kuisingizia diski nzima. Ucheleweshaji ukarudi vilevile.

Diski za kisasa hujiwekea daftari la afya zao, na programu kama CrystalDiskInfo hulisoma. La diski yetu lilijaa vijisehemu vilivyoshindikana kusomwa. Kumbe haikuwa uvivu. Diski ilikuwa ikikata roho, na kila asubuhi iliposhindwa kuitikia ilipoitwa, mashine nzima iliisubiri.

Hapo ukazuka ubishi mkali. Wenzangu kadhaa walitaka programu ya kurekebisha diski ianze kazi mara moja. Nikiwa mtunza nyaraka wa chama, nilikataa katakata, na ningali nashikilia msimamo huo: urekebishaji huichosha diski iliyo mahututi na huweza kuandika juu ya kile unachokitafuta. Nakala kwanza. Tuliazima diski nzima, tukaanzisha Linux kutoka kwenye flashi na kutumia ddrescue, programu ambayo huchota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikaweka orodha ya zilizokaidi na kuzirudia baadaye. Ilifanya kazi usiku kucha na siku ya pili hadi alasiri. Hakuna aliyethubutu kuigusa meza.

Nyimbo zote zilipatikana, isipokuwa mmoja wenye pengo la sekunde 40 hivi, katikati ya ubeti ambao bibi mmoja aliuimba peke yake. Bibi huyo alikwisha kuaga dunia. Binti yake, tumeambiwa, angali anaishi Siyu, naye ni miongoni mwa waliokuwa wakiitikia kibwagizo siku ile. Likizo ijayo mimi na mwenzangu tutavuka kwa mashua kutoka Lamu. Tutamsikilizisha wimbo hadi pale unapokatika, kisha tutanyamaza.